Injinia wa Matete

Mtu waliyemwita Injinia hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Jina lilitokana na kofia ngumu ya njano na kizibao chenye mistari inayong'aa, vitu alivyoviokota kando ya barabara iliyokuwa ikitengenezwa, wenyewe wakiwa wamekwenda kula. Tangu hapo aligundua kwamba ukivaa kofia ile hakuna geti lisilofunguka, wala mlinzi asiyesema "karibu, mkubwa." Aliwahi kuwauzia wachuuzi kivuli cha jengo la ghorofa, mita kwa mita, na siku ya mawingu akawarudishia nusu ya fedha zao, kwa kuwa alijiona mtu wa haki.

Asubuhi hiyo alikuwa akipita uchochoro wa nyuma ya nyumba moja ya wageni, pua kaiziba kwa kiganja, akiruka kijito cheusi kilichokuwa kikitoka chini ya ukuta. Akasikia watu wakizozana.

"Mama, maji ya vyoo vyako yanaingia kwa dobi, yanaingia kwa muuza miche," alisema Afisa Afya, kijana mwembamba aliyevaa buti za mpira zilizomzidi mguu. "Mvua zikianza kabla hujayasafisha, naifunga nyumba hii."

"Mwanangu," alijibu mama mnene mwenye kanga begani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Wageni, "mtambo wa kusafisha maji nitautoa wapi mimi mjane?" Akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayeaga dunia.

Afisa Afya akaondoka, buti zikimpigapiga visigino. Injinia hakusogea. Jana yake tu, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, alisikia redioni mtaalamu akieleza kwamba maji machafu ukiyatuliza kwanza shimoni, kisha ukayapitisha taratibu kwenye kokoto zilizooteshwa matete, yanatoka safi. Kinyozi alicheka mpaka akamkata kidogo nyuma ya sikio. Injinia hakucheka. Alimheshimu yule mtaalamu kama mtu wa kazi moja naye. "Huo ndio uongo," alijiambia. "Mimi nahangaika na vivuli, mwenzangu anawauzia watu majani yanayokula choo, tena hewani, taifa zima likisikiliza!"

Akaitengeneza kofia, akabisha hodi.

"Mama, nimetumwa na pua yangu," alisema. "Tatizo lako nimelisikia kabla sijaliona."

Akaeleza. Mtambo usiotumia umeme, usiotumia dawa, usioharibika. Mashimo, kokoto, matete, basi.

"Na hayo matete yanalipwa mshahara?" aliuliza Mama Wageni.

"Hayalipwi."

"Yanakula nini?"

"Yanakula wageni wako, Mama. Yaani mabaki ya wageni wako."

Mama Wageni akafikiri, akashusha pumzi tena. Fedha za kutanguliza hana, alisema, ila chumba cha uani kipo, chai na mkate vipo, na malipo atayapata kazi ikiisha. Mtu mwingine angekata tamaa. Injinia alikubali papo hapo, maana windo lake halikuwa mjane. Windo lake lilikuwa majirani.

Dobi alikuwa wa kwanza. Maji yake ya sabuni yalikuwa yakimwagika uchochoroni vilevile, na Afisa Afya alikwishamwonya. Injinia alimvuta nyuma ya kamba ya mashuka. "Kaka, nafasi ya kuunganisha bomba kwenye mtambo ni moja tu. Muuza miche anaitaka. Lakini wewe uso wako nimeupenda."

"Nikilipia mimi, yeye atakosa?" aliuliza Dobi, macho yakimng'aa.

"Atakosa kabisa."

"Basi chukua. Chukua na hii ya juu, ili akose vizuri."

Muuza Miche alitaka maji yatakayotoka upande wa pili, ayamwagilie miche yake bila kulipia bili. Alitaka ayapate peke yake, na kama ingewezekana, Dobi asijue kwamba maji yapo. Naye alilipa, akaongeza kidogo kwa ajili ya usiri. Tangu siku hiyo majirani wale wawili walikuwa wakipishana uchochoroni kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mpango wa Injinia ulikuwa kuchimba kishimo cha maonyesho, kisha ale kona. Lakini Mama Wageni alitoa kiti cha plastiki uani, akakaa, akakunja mikono, akatazama. Alitazama kutwa. Injinia akiweka jembe chini, mama anakohoa. Basi ikabidi achimbe, na alipochimba ikabidi akumbuke redio ilisemaje. Shimo la kutuliza taka nzito likachimbwa. Kitalu kirefu kikatandikwa turubai na kujazwa kokoto. Matete yakaletwa kwa mkokoteni kutoka ukingo wa mto, yakapandwa. Mwisho wa kiwanja, alipochimba mahali pa kupokea maji ya kitalu, chini ya vifusi na mifuko ya nailoni ya miaka mingi, jembe likatoa tope jeusi, na maji yakaanza kupanda yenyewe.

"Hapo palikuwa kinamasi zamani," alisema Mama Wageni bila kuinuka. "Watu wakakifukia."

"Ndiyo maana nilipachagua," alisema Injinia, ambaye alipachagua kwa sababu palikuwa na kivuli.

Alipaswa kuondoka wiki ileile. Lakini kila alipofunga begi, Dobi alipita na bahasha ndogo kumhimiza asibadili nia, na akifika kona Muuza Miche alimsubiri na yake. Haikuwa tabia ya Injinia kuondoka mezani sahani zikiwa bado zinaletwa. Akabaki. Matete yakashika, yakarefuka, yakaanza kupepea juu ya ukuta.

Kisha vyura wakaja. Hakuna aliyewaalika. Walilia kwa sauti nene jioni nzima, mpaka wageni wakateremka mapokezi kulalamika.

"Hao si vyura," Injinia aliwaambia, amevaa kofia. "Hao ni wakaguzi. Chura ana ngozi laini, maji yakiwa mabaya anafunga virago. Hao wanapolia, ndugu zangu, wanatoa ripoti."

Alikuwa amebuni hilo hapohapo, na lilimfurahisha sana. Hakujua kwamba nalo lilikuwa karibu na kweli.

Mvua zilipokaribia Afisa Afya akarudi na chupa. Akakinga maji yanayotoka mwisho wa kinamasi, akayainua juani. Yalikuwa maangavu. Akayanusa, akayanusa tena, akainama akakitazama kijito cha uchochoroni ambacho hakikuwepo tena. Akaondoka na chupa yake, na aliporudi alikuwa karibu kutokwa machozi.

"Maabara wamesema hayanyweki, lakini kwa kumwagilia ni mazuri! Injinia, ulisomea wapi?"

"Kwa kinyozi," alisema Injinia, ambaye mshtuko ulikuwa umemfanya aseme ukweli.

Afisa Afya akacheka mpaka buti moja ikamvuka mguuni. "Wasomi wakubwa hawajisifu," aliwaambia watu.

Injinia akaenda kukaa ukingoni, kichwa mikononi. Bomba la Dobi lilikuwa limeunganishwa na linafanya kazi. Miche ya jirani ilikuwa imenyweshwa na inastawi. Watu wote aliowaibia walikuwa wamepata walicholipia, na walikuwa wakimshukuru. Katika maisha yake yote ya mjini hakuwahi kufedheheka namna hiyo. Alikuwa ametoa huduma!

Huzuni ile ilidumu mpaka jioni. Jioni tamaa ikaingia. Kumbe kitu kinafanya kazi! Kitu cha kweli unaweza kukiuza kila siku, kwa mtu yuleyule, bila kuhama mtaa. Halmashauri zitaleta wageni, wageni watalala palepale, watalipia kulala na watalipia kutazama. Lakini kiwanja ni cha Mama Wageni, na mjane yule hana habari ya alichokikalia.

Siku chache baadaye Mama Wageni mwenyewe alimfuata kinamasini.

"Mwanangu, nimechoka. Binti yangu ananiita nikakae naye. Nyumba hii nitaiuza, ila naogopa ataichukua mtu asiyejua thamani ya majani yako, ayakate."

Injinia akageuza uso asionekane anavyomeza mate. "Ni kweli, Mama. Ingawa majani haya ni mzigo. Na wale vyura..."

"Tena wale vyura!" Mama akashusha pumzi. "Angepatikana tu mtu wa kunipunguzia mzigo, hata kwa bei ya hasara."

Walikwenda kwa wakili, aliyekuwa shemeji yake mama, mtu mpole mwenye ofisi ya meza moja na mihuri mingi. Aligonga mihuri mpaka karatasi ikawa ya zambarau. Mara ngapi Injinia mwenyewe alikuwa amewagongea watu mihuri ya namna hiyo! Lakini furaha ilikuwa imempofusha. Alitoa bahasha za Dobi, za Muuza Miche, na akiba yote ya vivuli vya maisha yake. Mama Wageni akamshika shavu, akalia kidogo, akapanda teksi na sanduku moja.

Kesho yake Injinia alikuwa mlangoni akipaka rangi kibao chenye jina lake, gari likasimama. Akashuka mzee mmoja mwenye suti na funguo mkononi.

"Wewe nani?" aliuliza mzee.

"Mwenye nyumba."

"Hapana. Mwenye nyumba ni mimi. Nilikuwa safarini muda mrefu, natibiwa. Yule dada wa usafi niliyemwachia funguo yuko wapi?"

Brashi ikamdondokea Injinia kwenye kiatu. Ilibidi mzee aelezwe, na kadiri alivyoelezwa ndivyo alivyocheka, mpaka akakaa ngazini, akajifuta macho kwa tai.

"Kwa hiyo umeinunua nyumba yangu bila kuniuliza mwenyewe! Na polisi, umekwenda?"

Injinia akayawazia maswali ambayo polisi wangemuuliza, kuanzia kofia. "Sijapenda kuwasumbua," alisema.

Mzee akazunguka uani, akatazama matete, akarudi. Afisa Afya alikuwa amempigia simu kumpongeza, kwa namba iliyo kwenye leseni ya nyumba, alisema. Chumba cha uani Injinia anaweza kuendelea nacho, na chai na mkate, ila mtambo unahitaji mtu wa kukata matete yaliyozidi na kuzoa tope la shimo la kwanza. Injinia alikubali, kwa sababu hakuwa na nauli.

Ndivyo Afisa Afya alivyomkuta, miezi kadhaa baadaye, siku aliyoleta ujumbe wa halmashauri ya mji mwingine. Wakazunguka kinamasi, wakapiga picha, wakawasikiliza vyura kwa heshima. Injinia akavaa kofia, akakohoa, akajiandaa kueleza. Angalau sifa zilikuwa bado zake.

"Hakuna haja," alisema kiongozi wa ujumbe. "Sisi kwetu tunacho kimoja tayari. Tumejengewa na mtaalamu bingwa, mama mmoja mnyenyekevu sana. Tumekuja tu kuona kile alichoanzia."

Injinia akahisi kofia imekuwa nzito. "Mama gani? Na... na matete yake yameota?"

"Yameota kupita haya. Ametuomba hata tumpelekee mbegu za vyura wa hapa." Kiongozi akamtazama kuanzia kizibao mpaka miguu yenye tope. "Alituambia hapa kamwacha kibarua wake, mtu mwaminifu, asiyejua lolote la kitaalamu lakini anachimba vizuri. Ndiye wewe?"

Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale, Afisa Afya alikuwa amesimama pale, Dobi na Muuza Miche walikuwa wamepanda ukutani kusikiliza. Injinia akafungua mdomo. Akatafuta uongo mmoja tu, hata mdogo, wa kumtoa hapo, na kwa mara ya kwanza maishani akaukosa.

"Ndiye mimi," alisema.

Wakampigia makofi, wakamwomba asogee kidogo, maana alikuwa ameyaziba matete kwenye picha.