Ngoma Kushoto, Sauti Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Kuanzia leo mimi ni bendi. Siyo mwanabendi, bendi nzima! Mpiga kinanda, mwimbaji, mpiga ngoma (kinanda changu kina ngoma zake ndani), fundi mitambo na mbeba mizigo. Wale wa bendi ya zamani walinitoa eti kwa sababu siambiliki. Watajua kwamba waliifukuza bendi wakabaki watu.

Kazi ya kwanza ninayo tayari: harusi ya mpwa wangu, Jumamosi mchana. Bi harusi mwenyewe kasema hataki mwingine ila mjomba. Baba yake, yaani shemeji yangu, kakubali shingo upande na kwa sharti. Nikiiaibisha harusi, Jumatatu ijayo asubuhi naanza kazi dukani kwake, kuuza misumari na bawaba, na habari za muziki ziishe. Keshanitengea aproni. Ya kijani! Kaileta hadi nyumbani nijaribu kama inanitosha. Inanitosha. Nimeivua haraka.

Nimemwambia aitafutie hiyo aproni mtu mwingine. Dada yangu alikuwepo, akaangalia dari.

Mtambo wenyewe: spika mbili ndogo nilizouziwa na bwana mmoja aliyekuwa anahama (na aliyeonekana kuwa na haraka kubwa ya kuhama), miksa, maikrofoni, stendi, nyaya za kutosha kumfunga mtu. Vyote nimevifunga kwa kamba kwenye kigari cha mtoto kilichokuwa stoo tangu mwanetu wa mwisho aanze kutembea. Kinasukumika vizuri mno. Mke wangu kauliza kwa nini nisikodi gari tu. Nimemjibu kwamba msanii anayetegemea gari ni mateka wa dereva. Kanitazama kidogo, akarudi kwenye pasi yake.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi, majaribio ya magurudumu. Nimezunguka mtaa mzima. Jirani wa mlango wa pili kanipongeza, kasema hakujua kama tumejaliwa tena, kainama amwone mtoto. Kakutana na spika. Sasa hatusalimiani vizuri.

Mchana, majaribio ya sauti sebuleni. Siwezi kusema uongo kwenye shajara yangu mwenyewe: mambo hayakuwa mambo. Nikiwasha ngoma peke yake, safi. Nikiimba peke yangu, safi. Nikiunganisha vyote, spika zote mbili zinakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikapandisha sauti ili nizishinde. Maikrofoni ikapiga mluzi mmoja wa ajabu, glasi kabatini zikaitikia, halafu umeme ukakatika nyumba nzima. Mke wangu alikuwa tena na pasi mkononi. Sitaandika alichosema.

Lakini kukata tamaa? Mimi? Thubutu! Hapa kuna siri ya kifundi, na nitaipata.

Jumatano, 5 Juni

Kaja Besi. Huyu alipiga gitaa la besi kwenye bendi ileile iliyonitoa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono siku ya kura. Siku hizi anakodisha mitambo mikubwa, anatembea na funguo za gari mkononi hata akiwa amekaa. Kumbe shemeji kamlipa Jumamosi akae ukumbini kama akiba, endapo nitazama. Akiba! Ya mimi!

Kazunguka spika zangu mikono nyuma, kama daktari anayeogopa kusema ukweli mbele ya mgonjwa. Kasema hizi ni za chumbani. Kama nakataa kukodi zake, basi angalau nirudishe vitufe vyote vya miksa katikati, kila spika itoe kila kitu, nipunguze ngoma, nisipandishe sauti. Atanisaidia bure, kwa ajili ya zamani zile.

Kijicho kitupu. Anajua nikifanikiwa na kigari changu, gari lake litaota majani. Nimemshukuru kwa baridi na nimemsindikiza mpaka getini ili nihakikishe ametoka.

Alipoondoka tu, akili ikafunguka. Kwa nini kila spika ichoke kubeba kila kitu? Hata nyumbani hatufanyi hivyo: mmoja anapika, mwingine anaosha vyombo. Nikagawa kazi. Ngoma na besi ya kinanda, zote spika ya kushoto. Sauti yangu na muziki wa vidole vyangu, vyote spika ya kulia. Vitufe nimevizungusha hadi mwisho, huku na huku.

Jamani! Mkoromo umekwisha! Spika zimepumua. Mke wangu katoka jikoni kuuliza kama nimezima. Besi na elimu yake yote hakuliona hili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefunga mitambo ukumbini. Ukumbi ni mpana kuliko urefu wake, una nguzo nene, na njia pana katikati. Mama mtunza ukumbi kaniambia hiyo njia ni ya maharusi, hataki kuona hata uzi pale. Ndugu wa bi harusi watakaa kushoto, wa bwana harusi kulia. Basi spika moja nimeiweka ukuta wa kushoto kabisa, ya pili ukuta wa kulia kabisa, nimezigeuza ziwatazame wageni. Kinanda mbele, katikati.

Nimewasha wimbo, nikasimama katikati ya ile njia. Nilitokwa na machozi. Ngoma sikio hili, wimbo sikio lile, na mimi mwenyewe ndani yake kama niko kwenye redio. Miaka yote ile bendini sijawahi kusikia kitu kitamu hivi.

Besi alikuwa mlangoni na funguo zake. Kaniambia nizunguke, nikae kwenye viti vya pembeni, kushoto kisha kulia, nisikilize kama mgeni. Nikamjibu kwamba mimi si mgeni, mimi ni mwanamuziki, na mwanamuziki hakai. Mama mtunza ukumbi kacheka. Sijui alikuwa anamcheka nani. Nadhani yeye.

Jumamosi, 8 Juni

Nikae chini niandike kabla hawajaanza kusimulia wao.

Kuingia kwa maharusi: safi kabisa! Mpwa wangu alipita katikati ya njia, akanitazama, akatabasamu hadi meno ya nyuma. Nikasema moyoni, shemeji, aproni yako utaivaa mwenyewe.

Kisha nikapiga wimbo wa kuchangamsha. Ndugu zetu wa kushoto waliinuka kama wamemwagiwa maji ya moto. Walicheza! Ila walikuwa wananitazama kwa namna ya huruma. Dada yangu akawa ananionyesha koo lake, anapanua mdomo, anapunga mikono. Nikaelewa kwamba anataka zaidi. Nikapandisha ngoma. Akashika kichwa.

Upande wa kulia, ndugu wa bwana harusi walikaa kimya wamekunja mikono mapajani, kama wako msibani. Mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha zambarau, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amefumba macho akitikisa kichwa polepole. Nikawaona watu wagumu kweli. Nikawaimbia kwa nguvu zaidi. Mjomba mmoja wa kwao akainuka akaja kuniuliza wamekosa nini. Sikumwelewa. Alisema wenzao kule wanacheza muziki, wao wameimbiwa kama maiti, na kama kuna jambo baina ya familia liwekwe wazi kabla keki haijakatwa.

Mimi nasikia vyote! Nimekaa katikati! Nikamwambia hivyo. Akarudi kwao akawaambia kwamba nimekiri ni makusudi.

Halafu mshereheshaji akatangaza watu wote wasimame kwa ajili ya hotuba ya baba wa bi harusi. Upande wa kulia ukasimama. Wa kushoto, waliokuwa wamerudi vitini kupumzika, wakaendelea kukaa na soda zao. Wa kulia wakatazamana. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi jasho mgongoni.

Shemeji kachukua maikrofoni. Maikrofoni ni kazi ya spika ya kulia, na nimeshaeleza kwa nini. Kaanza kusema juu ya binti yake, alivyokuwa anamsubiri dukani kwa kukaa juu ya mifuko ya saruji, yeye, mwanamume ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo lisilo na bei. Sauti ikamkatika. Akalia. Na mimi, Mungu shahidi wangu, nilikuwa nimeguswa kiasi kwamba nilisahau kuzima ngoma.

Upande wetu hawakusikia hata neno moja. Walichokisikia ni ngoma. Wakadhani anawaalika. Kaka zake shemeji wakatoka na wake zao, wakajaza mbele, wakacheza kiuno huku yeye akifuta machozi. Bibi mmoja alimpepea kwa leso.

Upande mzima wa kulia ulishuhudia familia inacheza huku baba wa bi harusi analia.

Sikukimbia. Nataka iandikwe kwamba sikukimbia! Ni Besi aliyekuja. Alizungusha vitufe viwili vitatu vya miksa yangu, akashusha ngoma, na ghafla ukumbi wote ukasikia kila kitu, pamoja na shemeji akiuliza kwenye maikrofoni huyu mtu alizaliwa na nani. Dada yangu alikuwa karibu naye. Ni swali gumu kwake.

Besi akakaa kwenye kinanda changu. Watu wakacheza pande zote mbili. Mimi nilikula keki yangu jikoni, nimesimama.

Jumapili, 9 Juni

Sijatoka kitandani hadi mchana. Nimeumia. Naandika hivyo tu, bila kupaka rangi. Siyo kwa sababu ya Besi. Ni yule mzee wa watu akilia peke yake, na mimi ndiye niliyempigia ngoma. Mke wangu kaniletea chai chumbani, hakusema "nilikwambia", na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Dada kaja na aproni imekunjwa vizuri. Kasema mumewe hazungumzi, ila ameagiza kwamba saa mbili ni saa mbili. Kuhusu wakwe, wameombwa radhi na wameelewa, wamekubali kwamba ni mimi peke yangu na siyo ukoo.

Jioni mpwa wangu kapiga simu. Nilitaka kumwomba msamaha, kaniwahi. Eti haelewi watu wanalalamikia nini. Alipokuwa anapita katikati alisikia vyote, kila kitu mahali pake, hajawahi kusikia muziki mtamu hivyo, na ataukumbuka hadi uzeeni. Alisema mjomba asante. Nikalazimika kuweka simu chini kwa muda nipenge kamasi.

Nimelala chali nikitazama dari. Alisikia vyote. Yeye alisikia vyote!

Jumatatu, 10 Juni

Saa mbili kamili, dukani. Aproni ya kijani. Shemeji kanionyesha kwa kidole bawaba ziko wapi, misumari iko wapi, kisha akaenda kukaa kwenye meza yake ya nyuma. Nikamwambia pole kwa ya juzi, na nilimaanisha. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani tungeweza kuishi hivyo, mimi na yeye, miaka mingi.

Kabla ya mchana kaingia mama wa kitambaa cha zambarau, yule shangazi wa bwana harusi. Alikuja kununua komeo. Kuniona tu, kapiga kofi kaunta. Kasema ananitafuta tangu juzi! Kasema harusi zote anazokwenda hutoka na kichwa kinauma, na hii ndiyo ya kwanza aliyosikia mtu anaimba na maneno yakaeleweka, kinanda kinatiririka taratibu, hakuna makelele. Alifumba macho akakumbuka mengi. Ana mkutano wa kikundi chao cha akina mama Jumamosi hii, chakula cha mchana, na anataka mimi. Vilevile kama nilivyofanya. Asiongezwe mtu, hasa yule aliyekuja kukaa kwenye kinanda baadaye akaharibu.

Nimevua aproni hapo hapo. Shemeji kaja mbio kuuliza kuna nini. Nimemwambia naacha kazi. Kauliza, kwa upole kabisa, Jumamosi nimejifunza nini. Nimemjibu kwamba nimejifunza mengi: mitambo ilikuwa sahihi, viti ndivyo vilivyokosewa. Anayekaa katikati anasikia vyote, muulize mwanao. Kwa hiyo safari hii viti vyote vinakwenda katikati, na spika zinakuwa nne, moja kila pembe, kila moja na kazi yake. Kaokota aproni, kaitundika msumarini, kasema itakuwa hapo hapo Jumatatu ijayo.

Nimeshampigia yule bwana aliyehama. Bado anazo mbili nyingine, na bado ana haraka.

Shangazi ana ombi moja tu, kalirudia hadi mlangoni: asisikie ngoma. Maskini ya Mungu, alikaa kulia, hajazionja hata kidogo. Nitamwekea spika ya ngoma nyuma kabisa ya kiti chake, iwe zawadi.