Malalamiko Kuhusu Maji Yanayomwagika Kutoka Tangi Tupu

Mzee Lagitupu,
Mwenyekiti wa Baraza la Kisiwa.

Shikamoo mzee wangu. Najua siku hizi ukiliona jina langu kwenye bahasha unaisukuma chini ya mkeka na kuilalia. Hii nakusihi uisome, maana yamenifika hapa shingoni.

Ni baraza lako lililoniteua kusoma kile kidude ambacho fundi kutoka Funafuti alikifunga ndani ya tangi la kanisa. Kinapima kina cha maji kwa sentimita, kisha kinatuma kwa waya namba mbili mbili mpaka kwenye kompyuta yangu. Fundi aliziita baiti. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunieleza habari zake meli ilipopiga honi, akaondoka mbio. Yaliyobaki nimeyang'amua mwenyewe: namba ya kwanza ndiyo kina, ya pili ilikuwa sifuri muda wote, nikajua ni nukta tu ya kufungia sentensi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu kidude kilisema mia mbili hamsini na moja. Mvua ikanyesha kutwa, kikasema tisa. Nikatangaza kwenye maneapa, ukumbi wetu wa mikutano, mbele ya watu wote, nawe ukatoa amri: ndoo moja kwa kila nyumba, na harusi ya Vaelei, binti wa dada yangu Teuleala, iahirishwe mpaka tangi lijae, kwa kuwa karamu haipikwi kwa maji ya sentimita tisa. Tangu siku hiyo dada yangu hasemi nami. Chakula ananiachia mlangoni, na samaki ni mikia mitupu. Inaniuma, sikufichi. Lakini namba ni namba.

2. Watu wanaeneza uzushi kwamba tangi linafurika. Ushahidi wao ni kwamba maji yanamwagika kutoka bomba la juu, yamezamisha shimo ambalo Semese analimia pulaka, yale magimbi yetu, na bata wa mchungaji wanaogelea mbele ya kanisa. Nimewaeleza kwa upole kwamba bata hawakusomea kazi hii.

3. Baraza lilipiga marufuku kugonga tangi na kusikiliza maji yamefika wapi, kama walivyofanya babu zetu, na faini yake ni nguruwe mmoja. Juzi nimemkuta Semese amelibandikia sikio. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu, "Nasikiliza. Na wewe ungejaribu siku moja, usingekufa." Naomba nguruwe wake achukuliwe, yule mkubwa.

4. Tangu mvua ile, nukta nayo imeanza utovu wa adabu. Siyo sifuri tena, ni moja. Nimeipuuza. Mtu mzima habishani na nukta.

5. Mchungaji bado anaomba mvua kila ibada, ilhali hesabu zangu zinaonyesha wazi kwamba mvua ndiyo inayotumalizia maji. Ikinyesha tena tumekwisha. Naomba aagizwe aombe jua, na mifereji ya mapaa yote ing'olewe kabla ya Jumapili.

Nikiwa na imani kwamba baraza litasimama upande wa sayansi, nakuomba unisalimie mama watoto, wajukuu wote, na wazee wa upande wa pwani, hata wale wanaonicheka.

Wako mtiifu,
Siliga Penieli,
Msomaji wa Tangi.

Baada ya kusaini: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, Vaelei ameingia na ndoo iliyojaa pomoni, akaitua mezani kando ya kompyuta. "Mjomba," akasema, "na hii nayo isome." Kisha akatoka. Nimempigia fundi simu. Anasema namba ya kwanza haiwezi kupita mia mbili hamsini na tano. Ikifika hapo huanza upya kutoka sifuri, na ile ya pili hupanda moja, na moja hiyo ni sentimita mia mbili hamsini na sita. Nimejumlisha na ile tisa. Imetoka mia mbili sitini na tano, na hicho ndicho kimo cha tangi lenyewe.

Harusi iwe Jumamosi. Nguruwe wa karamu nitatoa mimi. Ila tafadhali, mzee, Teuleala umwambie wewe. Mimi akiniona anafunga mlango.