Sodiamu Baikaboneti Mbele ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Februari
Ijumaa ni shindano la walimu wa kemia hapa chuoni, Nagpur. Mwamuzi anaweka mezani chupa ya unga mweupe. Tunaomba majaribio kwa zamu: autie maji, autie siki, auchome. Anayeutaja unga kwanza ndiye bingwa. Kila mwaka bingwa ni Sulabha Kinkhede. Kila mwaka! Tena hutabasamu. Safari hii baba mkwe anakuja kutazama. Hajanisamehe kwa kutokuwa mhandisi. Nimeshamwambia bingwa ni mimi.

Jumatano, 11 Februari
Mpango umeiva. Kwa nini nihangaike na unga wao wakati naweza kuweka wangu? Nimechota magadi soda jikoni, yaani sodiamu baikaboneti. Mke wangu Mandakini akauliza natafuta nini. Nikasema chumvi. Akasema chumvi iko mbele ya pua yangu. Ilikuwepo kweli.

Alhamisi, 12 Februari
Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikaingia maabara. Unga wa mwamuzi kwenye sinki, wangu ndani ya chupa. Akili gani hii!

Ijumaa, 13 Februari
Sitaki kuandika. Naandika.
Ukumbi ulijaa. Sikuomba jaribio hata moja. Nilisimama, nikanyoosha kidole: sodiamu baikaboneti! Baba mkwe akapiga makofi. Bwana Kelkar, mwamuzi, akadondosha siki juu ya unga. Povu la magadi? Hata tone. Makofi yakakatika.
Sulabha akaomba maji, kisha karatasi ya litmasi. Ikageuka nyekundu. Akaomba unga uchomwe, ukawa mweusi. Akaonja ushindi kabla hajasema: asidi ya sitriki. Kelkar akaapa kwamba yeye aliweka zinki salfeti. Akarudia majaribio, jasho likimtoka. Sulabha kapatia!
Ndipo Mandakini akainuka katikati ya watu, akaninyooshea kidole.
"Baba Ketaki! Hiyo si asidi yangu ya kupikia mikate ya dhokla? Nimeitafuta mpaka chini ya kitanda!"
Baba mkwe akamgeukia Sulabha, akamuuliza kama ana kaka ambaye hajaoa.

Jumatatu, 16 Februari
Nimemwomba Sulabha radhi mbele ya walimu wote. Akasema, "Usijali, kaka. Ila hiyo dhokla mtatukaribisha lini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Adhabu yangu ni kuosha vyombo vya maabara. Baba mkwe ameondoka bila kuniaga.
Nimejitafakari sana leo. Nimeliona kosa langu waziwazi, na silirudii tena.
Mwakani, kabla sijautia unga wangu kwenye chupa, nitauonja kwanza.