Mwambie Bibi

Jumatatu, 9 Juni

Likizo ya shule imeanza. Mke wangu Deodata ameondoka alfajiri kwenda Bukoba kwenye mafunzo ya walimu, atarudi mwisho wa wiki. Kaniachia watoto. Kaniuliza mara tatu kama nitaweza. Nikamwambia mtu anayelisha madereva wa malori wa njia panda nzima ya Nyakanazi hawezi kushindwa na watoto wawili, mmoja wa darasa la pili na mwingine hata shule hajaanza.

Kufikia saa nne Clever, huyo wa darasa la pili, alikuwa amewafungulia kuku, wakala maharage yaliyoanikwa uani. Anasema alitaka kuona kama watachagua ya njano. Wamechagua yote.

Wema alikuwa nami kwenye kibanda cha chipsi, juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Kazi yake ni kuwaambia wateja kwamba hawajanawa. Dereva mmoja wa Kigali amenawa mara mbili. Mtoto wa miaka mitano!

Mchana Deodata akapiga simu. Mama yake anakuja kesho kutoka Bugarama, kunisaidia. Nikashukuru. Kisha akasema mama anaomba akirudi aondoke na Wema, akae naye, aanzie shule huko huko. Nyumba yake imenyamaza tangu wajukuu wengine wakue. Nikasema ni wazo zuri sana.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni wazo baya kuliko yote niliyowahi kusikia, na nimesikia mengi, mengine yakiwa yangu mwenyewe. Wema haendi popote.

Tatizo ni moja. Mkwe haambiwi hapana. Kwetu Wasukuma mkwe haambiwi chochote. Humtazami, humpi mkono, huli naye, hata jina lake hulitaji, ndiyo maana humu nitamwandika Mama Mkwe tu. Kwao Wahangaza nako heshima hiyo ipo. Kwa hiyo hapa inatakiwa akili. Akili ninayo.

Jumanne, 10 Juni

Mama Mkwe amefika kwa mchomoko, yale magari madogo ya abiria, kabanwa kiti cha nyuma na abiria wengine wanne, mkungu wa ndizi mapajani na kuku kwapani. Nilipoona gari linasimama nikajificha nyuma ya jiko la nje. Heshima ni heshima. Nikamtuma Clever. Mwambie bibi shikamoo. Akarudi: bibi anasema marahaba. Mwambie bibi, habari za safari? Bibi anasema nzuri, ila dereva alikuwa anakimbia kama ameiba.

Imekwenda hivyo siku nzima. Mimi nje, yeye ndani, Clever katikati. Sebuleni kwangu siingii tena. Nalala stoo na magunia ya viazi.

Mpango wa kwanza: kumfanya Wema aonekane mzigo. Nikamtuma Clever aseme, kama vile imemtoka tu, kwamba Wema anakula sana, anakojoa kitandani na ana mdomo. Jibu likaja: bibi anasema mtoto anayekula ndiye anayekua, na Deodata alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu.

Hilo la Deodata nimelihifadhi. Lina siku yake.

Jumatano, 11 Juni

Mama Mkwe anakoroma. Ukuta wa stoo ni mwembamba.

Halafu ameanza kuomba vitu. Sikutegemea. Asubuhi Clever kaja mbio: bibi anaomba soda tatu. Nikatoa. Saa sita bibi anaomba zege, yaani chipsi mayai, sahani tatu, mayai mawili mawili, bila kachumbari. Nikakaanga haraka, wateja wakisubiri na kunung'unika. Saa tisa bibi anaomba mpira.

Nikauliza mpira wa nini. Clever akaenda, akarudi hata sijageuza chipsi, akasema bibi anasema mkwe haulizwi. Kweli kabisa. Niliona aibu. Nikafunga kibanda nikaenda sokoni kutafuta mpira.

Mpango wa pili: kuonyesha kwamba hapa Nyakanazi mtoto hakosi kitu. Nikatuma habari kwamba nitamjengea Wema chumba chake mwenyewe, dirisha la vioo. Jibu: bibi anasema ni vizuri, ila anayestahili chumba ni mtoto wa kwanza.

Nilishangaa kidogo. Sikujua Mama Mkwe anampenda Clever kiasi hicho.

Alhamisi, 12 Juni

Melania, jirani yetu anayechoma ndizi, kanisubiri mpaka wateja wapungue. Kacheka kwanza, ndipo akasema. Kumbe Mama Mkwe alimuuliza kama ni mila ya Kisukuma watoto kutooga tangu Jumanne. Maana baba yao mwenyewe kaagiza hivyo, maji ni ya shida. Kaagiza pia wasichambue maharage, wasilale mchana, na mboga za majani zisipikwe, watu wale zege. Mama Mkwe hajui zege ni kitu gani na haipendi. Lakini neno la mkwe halipingwi, kwa hiyo amekuwa anaila kimya kimya.

Kwa hiyo nyumba hii inatawaliwa na mtoto wa darasa la pili, na sisi wakubwa wawili tumekuwa tukitii.

Nimemwita Clever. Hakukana. Kasema mimi na bibi tulikuwa hatusemi kitu cha maana, tunasalimiana tu, akaona ajazie. Nikamgombeza kwa ukali. Nikamnyang'anya mpira. Nilipofika stoo nikacheka mpaka ikabidi nikae juu ya gunia.

Kaachishwa kazi. Mjumbe mpya ni Wema. Wema hajui kudanganya, na mjumbe mkweli ndiye niliyekuwa namkosa tangu mwanzo. Sasa mambo yatanyooka.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango wa tatu. Asubuhi, tukimenya viazi, nikamfundisha Wema maneno. Amwambie bibi kwamba ana jipu, hawezi kusafiri. Akauliza jipu liko wapi. Nikasema ni la kusema tu. Akauliza kwa nini asiende, kwa bibi si kuna mbuzi?

Nikamtazama pale kwenye ndoo yake, ganda la kiazi limenasa kwenye nywele, nikaiona ndoo hiyo mwezi wa kwanza haina mtu. Macho yakanijaa. Nikamwambia ni vitunguu. Akanishika shavu kwa mkono wenye udongo, akaenda kupeleka ujumbe.

Alikawia. Nikanyata mpaka ukutani nisikilize. Wema alikuwa anasema yote. Kwamba baba kasema aseme ana jipu, lakini la kusema tu. Kwamba baba kasema bibi anakoroma kama Fuso linapanda mlima. Kwamba baba anakula chipsi za wateja. Kwamba baba katoa machozi, kasema ni vitunguu, lakini walikuwa wanamenya viazi.

Nikakimbilia stoo. Kibanda sikufungua tena leo.

Jumamosi, 14 Juni

Leo Mama Mkwe kasema nami. Yaani si nami, na kuku wake. Mimi nilikuwa stoo nyuma ya mlango. Yeye kaja kukaa uani na kuku miguuni, kaupa mlango mgongo, kasema kwa sauti ya kumfikia mtu aliyejificha stoo:

"Wewe kuku. Mwenye mji huu angesema tu kwamba hawezi kukaa bila mwanawe, nani angemchukua? Mimi si mwizi wa watoto. Mimi ni mpweke tu. Jioni nawasha moto, napika, halafu nakula na nani?"

Kuku hakujibu. Nikaona si adabu mtu mzima kuachwa bila jibu. Nikaligeukia gunia la viazi.

"Gunia, mwambie kuku nimesikia. Mwambie mtoto huyu akiondoka, mimi hata chumvi nitasahau kutia. Nampenda mno. Nilishindwa kusema kwa sababu ya heshima."

"Kuku, hiyo ni heshima au ni woga?"

"Gunia, mwambie ni vyote viwili."

Nikasikia kama anacheka, ila sikuchungulia. Nikaliambia gunia liulize: likizo ya Desemba tukija Bugarama sote wanne, tukakaa mpaka Mwaka Mpya upite, moto ule utapata watu wa kuuota? Alipojibu sauti ilikuwa imelegea. Kasema kuku amekubali, ila mwenye mji asije na zege. Na watoto waogeshwe sasa hivi.

Nimewaogesha mwenyewe, mmoja mmoja. Maji yalitoka rangi ya barabara.

Jumapili, 15 Juni

Mama Mkwe kaondoka baada ya ibada. Nimemuaga nikiwa nyuma ya jiko, naye kalipungia mkono jiko. Kuku kamwachia Wema. Nilibaki pale kidogo hata gari lilipokwisha kupotea. Nitamkumbuka, pamoja na mkoromo.

Wema yuko kwenye ndoo yake. Kamrudisha dereva wa Burundi akanawe na sabuni. Sina ninachotaka zaidi.

Deodata karudi mchana. Kaona maharage yaliyobaki. Kaona mpira. Habari ya jipu kaipata kwa Wema kabla hajatua begi. Nilipozidiwa nikamkumbusha mambo ya kitandani na darasa la tatu. Kumbe si kweli. Hata hilo Clever alilitunga mwenyewe. Tangu hapo Deodata hasemi nami.

Nimefikiri sana. Ugomvi wa nyumbani unahitaji mjumbe, na mjumbe anatakiwa awe na uzoefu. Nimemwita Clever. Nikamtuma: mwambie mama nimekosa, anisamehe. Hakuchelewa. Kasema mama anasema yamekwisha, ila Clever anunuliwe baiskeli, nyekundu, yenye kengele.

Wema, kutoka kwenye ndoo, kasema mama hayupo ndani, yuko kwa Melania muda wote. Nimemwambia asiingilie mambo ya wakubwa.

Kesho asubuhi naenda kuangalia baiskeli.