Nyongo Yangu na Hotuba ya Lisbon

Jumatatu, 2 Juni

Mwezi uliopita nilitolewa mfuko wa nyongo, sauti waliniachia. Jumamosi ujumbe wa wanafunzi wa Sheffield unaruka kwenda Lisbon, na hotuba ya ufunguzi wa kongamano huko ni yangu. Lakini chama chetu cha wanafunzi kimeamua: asiye na bima ya safari haendi. Nikibaki, atahutubu mwenzangu Piers Wetherby, anayesoma hotuba kama anayesoma tangazo la treni iliyochelewa.

Nimepiga simu kampuni ya bima, nikiwa nimekusudia kuficha operesheni. Bi. Denise, aliyepokea simu, akauliza kama naweza kupanda ngazi bila kupumzika. Swali la ajabu! Ngazi na nyongo vinajuana wapi? Udadisi ukanishinda, nikadadisi, akanidadisi, nikakiri yote. Akasema hakuna tatizo, maadamu singojei uchunguzi wowote hospitalini.

Nangoja! Nililalamika kwa maandishi makali kwamba daktari aliniruhusu nyumbani haraka mno, nikadai uchunguzi kamili. Hospitali ikaomba radhi kwa adabu na kuniweka kwenye foleni. Novemba.

Jumanne, 3 Juni

Mkakati mpya. Nimelalamikia urefu wa foleni niliyoingizwa na malalamiko yangu. Jibu limekuja mchana, la upole usiovumilika: wamesikitika, wameunganisha malalamiko yote mawili, daktari mkuu atanichunguza mwenyewe. Desemba.

Piers amenikuta mkahawani. Akanipigapiga begani. Ati nisijali, atanisemea.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemtembelea Bibi Mavis, mama yake mama. Moyo, sukari, nyonga ya chuma. Kila mwaka yuko likizo kisiwani Tenerife. Nilimkuta kituo cha basi akishindana na jirani yake kutajiana operesheni, na alikuwa anaongoza. Nikamuuliza siri yake. Akasema huwaambia watu wa bima kila kitu, kisha hunyamaza.

"Futa malalamiko, mjukuu wangu. Si umepona?"

Nikamweleza kwamba nimepona kabisa, lakini hili ni suala la kanuni.

"Basi kanuni ndiyo ikapande ndege."

Ijumaa, 6 Juni

Nimeyafuta. Karani wa hospitali alishukuru kwa furaha iliyonitia shaka. Bi. Denise akanikatia bima papo hapo. Piers amenipongeza, uso kama aliyemeza siki. Ushindi wa umma!

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi, begi likiwa mlangoni, nikaisoma bima. Imeandikwa: "Operesheni ndogo. Amepona." Ndogo! Tumbo langu lina makovu manne! Nikampigia Bi. Denise kudai neno litakalobeba uzito wa yaliyonipata. Akaguna.

"Mwanangu, unataka niandike kwamba bado unaumwa?"

Nikauliza, kwa udadisi wa kitaaluma tu, ingekuwaje. Akasema bima ingesimamishwa hadi daktari anichunguze upya. Akanisihi nikanywe chai, nikapande ndege.

Nikamwambia historia haiandikwi kwa maneno ya kubembeleza. Aandike.

Akaandika.

Sasa ni jioni, na begi bado liko mlangoni. Bibi amepiga simu kuuliza hali ya hewa ya Lisbon, nimemwambia sijui. Piers amehutubu. Inasemekana walisimama kumpigia makofi, pengine kwa kuwa alimaliza mapema.

Nimeketi na kalamu. Naiandikia kampuni ya bima malalamiko makali: Bi. Denise alinisikiliza haraka mno. Nimedai uchunguzi kamili.