Mtu Wangu wa Manispaa

Jumatatu, 3 Februari
Mkutano wa mtaa, hapa Bunju. Jua kali, viti vichache. Adelina, afisa TEHAMA mpya wa kata, kaja kututangazia takwimu huria. Maana yake, kasema, taarifa za manispaa sasa ziko wazi kwenye tovuti: gari la taka linapita lini, greda linachonga barabara ipi, mtaro upi unazibuliwa. Mwenye simu afungue tu, asome. Watu wakapiga miayo. Mzee Romani akauliza kama kuna soda. Mama Kokushubila, muuza mkaa na mwenye neno la mwisho mtaani kwetu, akasema habari inayogawiwa kwa kila mtu si habari; ya kweli unapewa na mtu unayemjua. Akapigiwa makofi!

Adelina akamaliza kinyonge. Wakazi wasipozisoma, wiki ijayo mradi unahamishiwa kata nyingine, na yeye anahama nao.

Ahame? Adelina? Mwanamke pekee aliyewahi kuisifia saluni yangu kuwa ni safi! Haiwezekani. Lazima asaidiwe, na wa kumsaidia ni mimi, si Stanley. Stanley ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na leo ndiye aliyembebea spika. Nimeliona hilo.

Jumanne, 4 Februari
Nimefungua tovuti. Gari la taka: kesho asubuhi, mtaa wetu. Nikamweleza mteja wa kwanza, nikampa na simu yangu ajisomee. Kasema atasoma siku nyingine, nimpunguze pembeni tu. Wa pili vilevile. Wa tatu alisinzia. Hasira zikanipanda, ulimi ukateleza: nikasema nimeambiwa na mtu wangu wa manispaa.

Mteja akaruka kitini na povu usoni, akampigia mkewe simu.

Kumbe dawa ndiyo hii! Waamini kwanza, kusoma watasoma baadaye. Mpango safi kabisa.

Jumatano, 5 Februari
Gari limekuja! Mtaa mzima ulikuwa nje na viroba vya taka. Mzee Romani kanipa mkono kwa mikono miwili. Mama Kokushubila kaniletea senene wa kukaanga wa kwao Bukoba, kaniita Bwana Brightson, halafu akataka kujua huyo mtu wangu anaitwa nani. Nikatazama ukutani. Kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, jina la mwenye duka kwa herufi kubwa. Sadallah, nikasema. Bwana Sadallah.

Ijumaa, 7 Februari
Greda nalo limepita, kama Sadallah alivyosema. Benchi langu limejaa. Stanley anajinyoa mwenyewe kwa kukosa wateja. Sadallah anakua kila siku: ameshapata cheo, wake wawili na kisukari.

Mchana kaja Adelina, kanyong'onyea. Tovuti haina wasomaji. Kata nzima ni simu moja tu inayoifungua, tena kutwa kucha. Laiti angempata mwenye simu hiyo! Mkuu wake kamwambia hata shahidi mmoja akisimama kwenye mkutano wa Jumatatu, akasema taarifa zimemfaa, mradi unabaki.

Ni mimi! Mdomo nikaufungua. Lakini Mama Kokushubila alikuwa benchini, masikio wima, akingoja habari za Sadallah. Nikasema huyo msomaji atakuwa chizi.

Adelina kaondoka bila kuaga. Jumatatu nitasimama. Nitatafuta namna.

Jumamosi, 8 Februari
Balaa! Nilitangaza kwamba leo wanakuja kuzibua mtaro. Watu wakahamisha meza zao za biashara. Stanley kang'oa hadi ngazi ya saluni yake. Hakutokea mtu. Nikasoma upya: Bunju A. Sie tuko Bunju B.

Walinijia juu. Nikasema Sadallah anaumwa, ndiyo maana kachanganya. Hasira zikaisha palepale! Mama Kokushubila akafoka kwamba mwenzetu mgonjwa na sie tumekaa tu. Jumatatu asubuhi watakwenda manispaa kumjulia hali. Wameshanunua mananasi na maembe. Kwa mtu wa kisukari!

Jumatatu, 10 Februari
Nilijua watarudi na mawe. Wamerudi wanaimba! Getini waliulizia Sadallah, wakaletewa Sadallah: dereva, mzima wa afya. Kashangaa kidogo, kapokea matunda, kawapa namba yake. Eti habari za gari la taka atawaulizia akipata nafasi. Mama Kokushubila kaniambia sasa wana mtu wao, hawanihitaji tena mie wa katikati.

Kisha mkutano. Mkuu wa Adelina kauliza nani ameisoma tovuti. Hakuna mkono ulioinuka. Adelina akawa anatutazama mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga. Nikaanza kuinuka. Nilifika nusu, kweli! Mama Kokushubila akauliza kwa sauti kama nina la kusema kuhusu Sadallah. Nikasema naenda msalani.

Nimekaa msalani mpaka mkutano ukaisha. Mradi umekwenda Mwenge. Spika kabeba Stanley. Adelina kapita mbele ya saluni yangu bila kugeuza shingo. Nimelia, sioni aibu kusema. Mteja kadhani nimemkata.

Jumatano, 19 Februari
Nimekwenda Mwenge kumwomba radhi Adelina. Nia ilikuwa radhi tu, Mungu ni shahidi. Lakini nikaona nipitie kwanza kwa wachonga vinyago, nijue kama wanaisoma tovuti yake. Hawaisomi! Wanasema mambo ya mtandaoni hayana mwenyewe. Maskini Adelina, si atahamishwa tena? Huruma ikanishika. Nikawaambia waisome, ni ya kweli tupu, yote naletewa na mchumba wangu wa manispaa, afisa TEHAMA wao mpya.

Wameamini wote! Wengine wameifungua tovuti palepale! Wamefurahi mpaka wameanza kutuchongea zawadi ya mpingo, bwana na bibi harusi wameshikana mikono. Ijumaa asubuhi wanampelekea ofisini kwake, na ngoma.

Sura ya Adelina wameipatia hasa, mpaka lile tabasamu lake. Mimi nimewaomba wanirefushe kidogo.