Nishani ya Kazi ya Valeri Kuzmich

Katika mji mzima wa Kineshma hakuna mtu aliyeipenda kazi kama jirani yangu Valeri Kuzmich Prokudin, mradi iwe inafanywa na mtu mwingine. Aliweza kukaa dirishani kutwa nzima akiwatazama watu wanapasua kuni, na jioni akalalamika kwamba mgongo unamuuma.

Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha matofali, na stoo yenyewe ilijitunza. Yeye alikuwa na shughuli kubwa zaidi: kukusanya nishani. Si za vita, hizo alisema anazikusanya kila asiye na akili. Yeye ni za kazi tu. Ukikutana naye kwenye ngazi za jengo letu umekwisha, na ndoo yako ya takataka itasubiri.

"Jirani, unaijua Nishani ya Ushujaa wa Kazi?"

"Naijua, Valeri Kuzmich. Uliniambia juzi."

"Juzi nilikugusia tu."

Basi anaanza. Ilianzishwa mwisho wa mwaka thelathini na nane. Ni ya fedha, katikati ina nyota nyekundu yenye nyundo na mundu, na wekundu ule si rangi ya kupaka bali ni kioo kilichosagwa kikachomwa tanuruni, hata sindano haikikwaruzi. Za mwanzo kabisa zilining'inia kwenye utepe wa pembetatu na zilikuwa na namba mgongoni. Baadaye, wakati wa vita, pembetatu ikaachwa, namba nazo zikaachwa, zikatolewa kwa maelfu.

"Hizo za baadaye ni kama kuku wa mtaani," alikuwa akisema. "Lakini ya pembetatu yenye namba, ndugu yangu, kuna mtu Leningrad anakupa gari zima na asante juu yake."

Gari hilo la Leningrad tulilisikia miaka sita. Mkewe Rimma alikuwa ameshachagua hata rangi.

Jumapili moja ya Septemba, mwaka themanini na nne, akaniburuta mpaka bustani ya jiji wanapokutana wakusanyaji. Kubadilishana nishani za serikali ni kosa, kwa hiyo pale bustanini kila mtu amekuja kwa ajili ya stempu. Unamwona mzee wa watu ameshika albamu ya stempu za maua, akikohoa tu, na nishani alizoficha ndani ya koti zinalia kama sanduku la vijiko.

Siku hiyo alikuwepo mgeni mmoja, Zinovi, mpole, amefunga vifungo vya koti la mvua hadi shingoni. Akafungua leso taratibu. Ndani kulikuwa na nishani ya pembetatu. Akaigeuza. Namba mia nne na kumi na mbili.

Valeri Kuzmich akameza mate nikayasikia.

"Ichokoe kwa sindano kwanza," nilimnong'oneza. "Si wewe mwenyewe unasema kila siku?"

"Sindano ni ya wanafunzi," akanijibu kwa sauti, ili Zinovi asikie. "Mtaalamu anaona kwa jicho."

"Naam, nimekutana na mtu anayejua," Zinovi akasema, akainamisha kichwa. Hapo nikajua jirani yangu kaliwa.

Zinovi hakutaka kingine ila pikipiki iliyotuleta, ile yenye kigari cha pembeni. Na pikipiki hiyo, naomba tuelewane, haikuwa ya Valeri Kuzmich. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, Stepan. Wakati huo kule shambani, kilomita tisa kutoka mjini, magunia kumi na moja ya viazi yalikuwa yamelala chini ya turubai, chakula cha familia cha msimu mzima wa baridi, na redio ilikuwa imetangaza mvua ya siku ya Jumanne.

"Na viazi?" nikamuuliza, tunarudi kwa miguu.

"Viazi vitapanda gari," akasema. Alitembea kifua mbele njia nzima. Mimi nilibeba kofia zote mbili za pikipiki.

Nyumbani Rimma alichungulia dirishani, akatazama uwanja, akatazama tena.

"Valera, pikipiki iko wapi?"

"Mke wangu, acha kuuliza mambo madogo. Tandika meza. Leo tunaosha."

Kwetu nishani haivaliwi kavu. Inatumbukizwa kwenye glasi ya pombe, mwenyewe anainywa mpaka mwisho bila kupumzika, na nishani anaidaka kwa midomo. Asiyefanya hivyo, wanasema, nishani haitamkaa. Lakini anayeosha ni aliyepewa. Sijapata kuona mtu anaosha nishani aliyoibadilisha na pikipiki ya watu.

Mama mkwe, Glafira Yegorovna, alikuwa jikoni anashona vifungo. Mwanamke mfupi, miaka sitini na sita, alifuma vitambaa kiwandani tangu akiwa msichana, na masikio yake mashine zimeyachukua nusu. Lakini neno pikipiki alilisikia vizuri.

"Mkwe wangu, umeipeleka wapi pikipiki ya Stepan?"

"Mama, nimeibadilisha na historia."

Glafira Yegorovna akakata uzi kwa meno. "Historia hiyo inabeba magunia mangapi?"

"Wiki mbili tu, mama. Mtu wa Leningrad akiiona hii, mnapanda gari wote. Sasa lete ile gongo yako, tuioshe kwa heshima."

Nilidhani atamrushia mkasi. Badala yake alimtazama kidogo, akainuka, akaleta chupa kutoka nyuma ya jiko. Gongo ya Glafira Yegorovna haina mchezo. Alikuwa akisafisha vioo kwayo, na mara moja ilibandua hata maua ya kwenye sahani.

Valeri Kuzmich akasimama. Akaeleza tena pembetatu, akaeleza tena namba, akaeleza jinsi kioo kinavyochomwa tanuruni, nasi tumeshika glasi mkono unauma. Akaitumbukiza nishani. Hotuba ikaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikaona gongo inaanza kuwa ya waridi.

"Valeri Kuzmich," nikasema.

"Usinikatize."

Ikawa nyekundu kama supu ya bitiruti. Rimma akaweka mkono mdomoni. Jamaa macho yako darini, akamaliza na salamu kwa wafanyakazi wote, akapiga yote kwa mkupuo mmoja, akaidaka nishani kwa midomo, akatugeukia anatabasamu.

Meno yalikuwa mekundu. Masharubu yalikuwa mekundu. Na pale mdomoni palining'inia kipande cha bati cheupe, hakina nyota, hakina nyundo wala mundu, maandishi ya mbele nayo yamefutika. Nyumba nzima ilinuka vanishi ya makabati.

Akaitema mkononi. Akaitazama. Nikwambie kweli, nilimhurumia, maana alikaa chini kama mtu aliyeondolewa mifupa. Rimma alilia. Hakulilia gari. "Tutakula nini mwezi wa pili?" alisema.

Glafira Yegorovna akarudi kwenye kopo lake la vifungo. Akachakura, akatoa vifungo vya koti, akatoa pindo la utepe, akatoa kitu akakiweka mezani mbele ya mkwewe. Pembetatu. Nyota nyekundu. Akaichukua sindano yake ya kushonea akaichokoa ile nyota, kri, kri, na sindano haikushika.

"Ya mwaka wa arobaini," akasema. "Mashine kumi na sita nilikuwa naziendesha peke yangu."

Valeri Kuzmich akaigeuza. Namba ilikuwepo.

"Mama. Miaka kumi na mitatu nakaa nyumba hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea."

"Mama, hii ni gari!"

"Hii ni yangu," akasema, akairudisha kati ya vifungo, akafunga kopo. Kisha akaliokota lile bati jeupe la mkwewe, akaligeuza. Mgongo wake ulikuwa umepigwa muhuri, vanishi haikuugusa. "Soma hapa. Kwa sauti, sisikii vizuri."

"Kazi katika nchi yetu ni jambo la heshima," akasoma Valeri Kuzmich.

"Haya. Vua koti."

Alilishona bati lile kifuani mwa koti la kazi kwa uzi wa mara sita, mgongo ukiwa mbele. Jumatatu alfajiri tukamwona mtaalamu wetu anatoka na kigari cha mtoto, kile alichosukumiwa Rimma mwaka wa hamsini. Kinabeba gunia moja. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, mara kumi na moja. Safari tatu za kwanza kila bibi aliyekaa kwenye benchi alimsimamisha asome kifuani na kuuliza ni nishani ya nini, naye akaanza na mwaka thelathini na nane.

Safari ya nne mvua ilikuwa imeanza. Bibi mmoja akauliza.

"Ya viazi," akasema Valeri Kuzmich, akaendelea kusukuma.